Neno Aliloitwa Mwoka Mikate

Bingwa alishuka kwenye treni akiwa na mabegi mawili, koti la kuazima, na hotuba. Hotuba hiyo aliitunga angani, akaipiga msasa kwenye foleni ya wageni uwanja wa ndege, akaimalizia dirishani mwa treni huku nyumba za watu asiowajua zikikimbia kurudi nyuma. Ilikuwa hotuba ya kumwambia mwanamke kwamba subira imekwisha, sasa tuko pamoja. Na kutunga hakukumpa tabu. Hilo jina la Bingwa lenyewe alipewa shuleni, enzi za midahalo, alipokuwa akisimama upande wowote anaopangiwa na kushinda, hata siku alipotetea kwamba usingizi una faida kuliko masomo.

Lakini alipomwona Kipusa amesimama chini ya saa kubwa ya stesheni, shali ya kijani shingoni, hotuba yote ikayeyuka kama barafu jikoni.

"Umekuja," Kipusa alisema.

"Nimekuja. Ulidhani nitaishia njiani?"

Kipusa akacheka kidogo, akamkumbatia. Bingwa alikuwa amelisubiri kumbatio lile zaidi ya miaka miwili. Alilisubiri akifundisha hesabu masomo ya jioni, alilisubiri akila, alilisubiri akioga. Sasa lilikuja, na lilikuwa la haraka, la kupigana viganja mgongoni, kama watu wanavyokumbatiana msibani. Akajiambia ni uchovu. Akajiambia ni aibu ya macho ya watu. Mtu anayependa hakosi la kujiambia.

"Umekonda," alisema.

"Ni kutembea. Huku tunatembea sana. Nipe begi moja."

"Nikupe begi ubebe, halafu watu wa kwetu wakisikia?"

"Watasikiaje, Bingwa? Nani atawaambia?"

Jibu lile lilimkaa vibaya, ila hakujua kwa nini.

Lazima niseme hapa kilichomvusha Bingwa mabara. Baba yake Kipusa, mzee mmoja msimamizi wa ghala, mtu wa maneno machache na macho mengi, alipoletewa posa alimtazama kijana kuanzia viatu hadi nywele, akasema mbele ya wajomba na mashangazi: "Binti yangu anakwenda kusoma ng'ambo. Atakayemwoa awe na shahada. Wewe, kijana wangu, una mdomo tu." Watu wakacheka. Kipusa hakucheka. Alimfuata Bingwa hadi nje, akamshika mkono penye mwanga wa barazani, akamwambia: "Nitakutafutia nafasi ya masomo hukohuko. Shahada ni karatasi. Nisubiri." Na kweli aliitafuta. Ndiyo hii iliyomleta.

Walipokuwa wakivuka daraja la watembea kwa miguu, simu ya Kipusa iliita. Akaipokea, na kinywani mwake ikatoka lugha ya pale, laini, isiyo na kigugumizi. Bingwa akasimama kumsikiliza kwa fahari, kama mzazi anayemsikia mwanawe akisoma mbele ya shule. Hakuelewa hata nukta. Lakini mwishoni sauti ya Kipusa ilishuka. Ikalainika. Akainamisha uso, akatabasamu akitazama ncha za viatu vyake, akatamka neno moja fupi, neno linaloanza midomo ikiwa imefungwa na kuishia ikiwa wazi, kama mtu anayeibusu hewa. Akakata simu.

"Nani huyo?"

"Bosi wangu. Pale kwenye duka la mikate ninapofanya kazi baada ya vipindi."

"Bosi unamchekea hivyo?"

"Huku watu wanachekeana, Bingwa. Utazoea."

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Bingwa akavuta begi lake.

Siku za mwanzo zilimfundisha adabu. Mtu aliyekuwa akizima kelele za ukumbi kwa sentensi moja, sasa alishindwa kununua chumvi. Alijikakamua, akaingia dukani kifua mbele, akamtangazia mwenye duka kwa sauti ya mdahalo: "Mimi ni chumvi!" Mwenye duka akampa mkono, akasema jina lake na yeye. Bingwa akatoka na pakiti ya sabuni ya unga ya kuoshea vyombo, na jioni ile yeye na mwenzake wa chumbani wakala viazi visivyo na ladha. Mwenzake huyo alitoka nchi nyingine kabisa na lugha nyingine kabisa, na kwa kuwa alipiga chafya tangu asubuhi hadi jioni, Bingwa alimpa jina la Chafya. Waliongea kwa mikono, nyusi na mabega. Wakielewana jambo dogo, kama vile dirisha lifungwe, walipeana mkono kama mabalozi.

Kilichomuumiza si viazi. Ni kule kuwa mtu mdogo. Darasani alijua majibu ya hesabu kabla mhadhiri hajamaliza kuandika, lakini akiulizwa aliinuka, akafungua mdomo, akakaa. Ndoto ya bubu huijua mwenyewe. Alibaki na mtu mmoja tu duniani wa kumsikia, Kipusa, naye alikuja akiwa na haraka, akasimama mlangoni, koti hajavua.

"Kaa basi, hata dakika tano."

"Nina zamu."

"Jana zamu, juzi zamu. Huyo bosi wako hana wafanyakazi wengine?"

"Bingwa, tafadhali. Umepata shuka za kutosha? Umempigia mama?"

"Mama hajambo. Ninayekuuliza ni wewe. Kipusa, nitazame."

Akamtazama. Macho yake yalikuwa yaleyale, makubwa, yenye kona za mviringo, macho ambayo Bingwa aliyakariri kuliko kanuni za hesabu. Lakini kulikuwa na kitu kimesimama nyuma yake, kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia na miguu inaonekana.

"Umechoka tu," Bingwa akasema, akimsaidia uongo.

"Nimechoka tu," Kipusa akaitikia, akaondoka.

Kesho yake Bingwa alilifuata duka la mikate mwenyewe. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaona kupitia kioo. Kipusa alikuwa amevaa aproni, nywele kazifunga kitambaa, anapanga mikate rafuni. Mwanamume mrefu mwenye ndevu zilizoingia unga alitoka nyuma amebeba trei, akapita karibu naye. Hawakugusana. Kipusa alisogea kumpisha bila kugeuka, jinsi mtu anavyosogea akijua nani yuko nyuma yake. Kisha mlango ukafunguliwa na mteja, na sauti ya Kipusa ikatoka hadi barabarani ikimwita yule mwoka mikate kuhusu jambo fulani. Alimwita kwa lile neno.

Bingwa akalishika. Alilirudia njia nzima kurudi bwenini, midomo imefungwa, midomo wazi, kama mtu anayebeba yai mdomoni.

Mwalimu wa lugha alikuwa mama mtu mzima, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na mapenzi makubwa ya maswali. Darasa lake lilikuwa la wageni watupu, Chafya akiwemo, kila mmoja na pua yake na tabu yake. Asubuhi ile alipouliza nani ana neno jipya, mkono wa Bingwa ukawa juu kabla ya mingine. Mama akafurahi, kijana huyu alikuwa hajanyoosha mkono tangu afike.

Bingwa akalitamka.

Wa mbele darasani wakaguna, wale waliofika zamani. Mwalimu akapiga makofi, akauliza kwa maneno mepesi amelisikia wapi. Bingwa akaunga alichokuwa nacho: "Barabara. Mtu… sema… mtu."

Mama akaanza kueleza. Akachora ubaoni nyumba moja, ndani yake watu wawili. Bingwa akauliza, "Rafiki?" Mama akatikisa kichwa. Akagusa kidole cha pete. Akalaza shavu juu ya viganja, ishara ya kulala. Akaweka mkono moyoni, akafumba macho, na darasa likapiga mbinja.

"Si… bosi?" Bingwa akauliza.

Hapo darasa likapasuka kwa kicheko. Chafya alicheka hadi akapiga chafya. Mwalimu mwenyewe alivua miwani akafuta machozi. "Bosi!" alisema. "Labda bosi wa nyumbani!" Na hilo, kwa bahati mbaya, Bingwa alilielewa lote.

Akacheka nao. Alicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa kidonda na mkwe wake. Kisha akakusanya vitabu taratibu, akaomba ruhusa kwa mkono, akatoka. Nje kulikuwa na jua lisilo na joto, na watu walikuwa wakipita na mambo yao.

Kengele ya mlango wa duka la mikate ilipolia, Kipusa aliinua uso na tabasamu la wateja. Tabasamu likafia njiani.

"Huna kipindi?"

"Nimejifunza neno jipya leo," Bingwa akasema. Akalitamka. Safari hii alilitamka vizuri.

Kipusa aliweka trei chini. Aliiweka polepole sana, kama yenye mtoto aliyelala.

"Nani amekufundisha?"

"Wewe."

Mteja mmoja mzee alichukua mkate wake, akawaangalia wote wawili, akatoka bila kusubiri mfuko. Kipusa akageuza kibao cha mlangoni, akamwashiria Bingwa waingie nyuma, chumba cha magunia ya unga. Humo ndani kulikuwa na joto la tanuri, na kila kitu kilikuwa cheupe.

"Tangu lini?" Bingwa akauliza.

"Bingwa, kaa kwanza."

"Nimekaa vya kutosha. Nimekaa miaka. Tangu lini?"

"Mwaka jana. Niliugua. Niliugua sana, sikukwambia, sikutaka uwe na wasiwasi. Nilikuwa sina mtu. Yeye alikuwa akinijia na supu hadi mlangoni, anaiacha, anaondoka. Hakusema neno. Sikuwa naijua lugha vizuri wakati ule. Tulikaa hivyohivyo, kimya, miezi. Sikupanga. Naapa sikupanga."

"Na mimi nilikuwa nakupigia kila jioni."

"Ulikuwa unanipigia. Ulikuwa unaongea vizuri sana." Machozi yakamtoka, akayaacha. "Nikikata simu nilikuwa nabaki na ukuta."

Bingwa akageukia magunia. Alitafuta hoja. Maisha yake yote alikuwa na hoja, na sasa alipekua kichwa chote, akakuta patupu.

"Unampenda?"

"Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza kwa Kiswahili, Kipusa. Ndiyo lugha pekee niliyo nayo. Unampenda?"

"Ndiyo."

Akalisikia likishuka ndani yake, taratibu, kama jiwe kisimani, na likachelewa kufika chini.

"Amekuchumbia?"

Kipusa akaitika kwa kichwa.

"Na mzee wako? Amekubali?"

"Waliongea kwa simu. Nilikuwa natafsiri."

"Ana shahada?"

Kipusa akainama.

"Nakuuliza. Huyu bwana, ana shahada?"

"Hana," akasema kwa sauti ndogo. "Aliacha shule mapema. Tanuri hili lilikuwa la baba yake."

Bingwa akacheka, safari hii kwa kweli, kicheko kikavu kilichomtisha yeye mwenyewe. "Kumbe! Kumbe ilikuwa karatasi tu, kama ulivyosema. Mimi nimevuka dunia kuitafuta karatasi, mwenzangu kaoka mkate tu akapewa mke!"

"Baba amezeeka, Bingwa. Amelainika. Nimemlilia."

"Kwangu mimi hukumlilia?"

Kipusa akaanza kuukung'uta unga kwenye aproni yake.

"Kwa nini umeniacha nije? Ungenitumia maneno mawili tu. 'Usije.' Ungeniokoa na aibu hii."

"Nilitaka kukwambia. Nilimwambia mama yako kwanza."

Bingwa akageuka. "Mama yangu mimi?"

"Mama. Nilimpigia nikalia. Nikamwambia, mama, nimemkosea mwanao, nisaidie nimwambieje. Halafu akasema, 'Umeshamtafutia nafasi?' Nikasema ndiyo, imeshakubaliwa. Akasema, 'Basi funga mdomo wako mpaka afike. Ukimwambia sasa hataondoka.' Aliniapisha, Bingwa. Nami nilijiambia nikikupa walau masomo, sitakuwa nimekunyang'anya kila kitu."

Bingwa alikumbuka mama yake siku ya kuondoka, fundi cherehani aliyezoea kuuma sindano kwa midomo, akilifupisha mikono lile koti la kuazima. Alikuwa kimya mno siku ile. Bingwa alidhani ni sindano.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mwoka mikate aliingia na kikapu begani, akamwona Bingwa, uso wake wote ukachanua. Akaweka kikapu chini, akapangusa viganja kwenye aproni, akasimama wima kama mwanafunzi. Kisha, kwa Kiswahili kilichokanyagika kila silabi, akasema:

"Shikamoo, kaka."

Bingwa akamtazama. Mtu mwenyewe alikuwa na mvi kidogo kwenye ndevu. Maamkizi hayo yalipaswa kwenda upande wa pili.

"Kwa nini ananiita kaka?" alimuuliza Kipusa, bila kumwondolea macho yule bwana.

Kipusa alikuwa amekauka. "Nilimwambia wewe ni… mtoto wa mama mkubwa. Nilishindwa, Bingwa. Siku ile ya stesheni alitaka kuja kukupokea na gari. Nilishindwa. Hajui lolote. Nisamehe."

"Marahaba," Bingwa akamjibu yule bwana.

Mwoka mikate akafurahi kama amepewa zawadi. Akamwona Kipusa ana machozi, akamsogelea, akamuuliza kitu, Kipusa akatikisa kichwa, akasingizia unga. Yule bwana akayapokea hayo, akamgeukia Bingwa. Alitafuta maneno mepesi kabisa, akayatoa moja moja, akiyaonyesha kwa mikono yake mikubwa, kama mtu anayemlisha mgonjwa: Dada yako. Mimi. Nyumba moja. Wewe, una furaha?

Na Bingwa alielewa. Tangu ashuke kwenye treni hakuwa ameulizwa swali lolote katika lugha ile akalielewa lote, mwanzo hadi mwisho. Hili alilielewa.

Pia alikuwa na maneno ya kulijibu. Mama wa miwani alimfundisha yote: *mimi*, *si*, *kaka*, *yake*. Maneno manne tu, ya darasa la kwanza kabisa, na ingetosha. Akamwona Kipusa ameshika ukingo wa meza hadi vidole vimepauka. Hakumsihi. Alisubiri tu, uso umenyooka, kama mtu anayejua deni lake. Na hapo Bingwa akaona, kwa uchungu asioweza kuusimulia hata kwa Kiswahili, kwamba bado anampenda kama siku ile ya barazani. Akaona tena kwamba yule bwana hana kosa. Alipeleka supu mlangoni, basi.

"Ndiyo," Bingwa akasema kwa lugha ya pale. "Nina furaha."

Ilikuwa sentensi ya kwanza aliyoitamka bila kosa tangu afike, nayo ilikuwa uongo.

Mwoka mikate akamkumbatia. Kumbatio zito, la nguvu, lenye harufu ya chachu, la mtu anayemaanisha. Kisha akakimbilia tanurini, akarudi na mkate uliofungwa karatasi, akamwekea mikononi.

Kipusa alimfuata hadi barabarani, bila koti.

"Bingwa…"

"Rudi ndani. Kuna baridi."

"Sijui nikushukuruje."

"Usinishukuru. Na usije tena bwenini kuniuliza habari za shuka. Ukinikuta njiani, nisalimie kama watu wote. Hilo tu."

"Utakuwa peke yako. Hujui hata kununua chumvi."

"Nitajifunza." Akataka kuongeza neno, moja la zamani, walilokuwa wakiitana wao wawili. Likafika kooni. Akalimeza. "Rudi ndani, Kipusa. Anakusubiri."

Akaondoka asigeuke nyuma, maana alijijua.

Chafya hakuwepo chumbani. Bingwa alikaa kitandani na koti lake, akapiga simu nyumbani. Mama aliipokea upesi, kama aliyekuwa ameishika simu mkononi.

"Mwanangu."

"Ulijua."

Kwa mbali Bingwa alisikia mashine ya cherehani ikisimama.

"Nilijua," mama akasema.

"Mama, ulinifupishia koti huku unajua! Ulinipakia mabegi huku unajua!"

"Nilijua, baba. Nipigie makelele, ni haki yako. Nilikudanganya. Lakini niambie ukweli wako na wewe: ningekwambia, ungepanda ndege?"

Bingwa akainama, akayatazama mabegi yake mawili.

"Ungebaki hapa kulinda kivuli cha mtoto wa watu. Nakujua. Wewe baba yako mtupu. Akipenda haoni njia."

"Nataka kurudi nyumbani."

"Rudi. Chumba chako hakijaingiwa na mtu. Lakini ukirudi, rudi kwa kuwa umeshindwa na masomo, si kwa kuwa umeachwa. Kuachwa hakumrudishi mtu nyumbani. Mimi niliachwa na watoto watatu na cherehani moja, na nyumba ndiyo hii."

Bingwa akajaribu kusema. Bingwa wa midahalo yote ile, aliyetetea hata usingizi, alikuwa amekaa kwenye kitanda cha chuma, mdomo wazi, hana hoja katika lugha yoyote. Mama akamsubiri.

"Umekula?" akauliza mwishowe.

"Nina mkate."

"Basi kula. Nipo. Sikati simu."

Akaufungua ule mkate kutoka kwenye karatasi. Ulikuwa bado una joto katikati. Alikuwa amekusudia kuutupa pipani alipokuwa njiani, mara mbili aliusogeza karibu na pipa, akashindwa. Akamega, akatia mdomoni. Alitamani uwe mbichi, au mchungu, au mkavu, apate cha kumlaumu yule bwana. Ulikuwa mtamu. Ulikuwa mkate mtamu kuliko wote aliowahi kula, na hapo ndipo alipoanza kulia, analia na kutafuna, analia na kutafuna, huku mama yake, ng'ambo ya dunia, akimsikiliza bila kusema neno.